Hitaji la kijiji kwa namba zake lenyewe: kutoka kisimani hadi kwenye andiko la mradi

Maandiko mengi ya vikundi na mashirika madogo hufungua kwa sentensi ileile: "Wananchi wa kijiji chetu wanakabiliwa na changamoto kubwa ya maji." Mfadhili ameisoma mara nyingi hata haimgusi tena. Inayofuata huwa takwimu ya taifa zima, ambayo inaweza kubandikwa kwenye andiko la kijiji chochote kuanzia Kagera hadi Mtwara bila kubadilisha neno. Kinachomfanya msomaji asimame ni namba inayoweza kuulizwa tena: nani kaihesabu, wapi, siku gani, na inapungukiwa kiasi gani na kiwango kinachotakiwa.

Hapa tunafuata mfano mmoja, kikundi cha kijiji Tanzania Bara kinachotafuta fedha za kituo cha kuchotea maji. Viwango na sheria zinazotajwa ni halisi. Namba za kijiji chenyewe ni za kujifunzia hesabu tu, usizinakili.

Tafuta kiwango kabla ya kutafuta takwimu

Namba peke yake haisemi lolote. "Watu 1,032 wanatumia pampu moja" ni habari tu hadi uweke pembeni yake Sera ya Taifa ya Maji ya 2002, iliyotaka kituo kimoja kihudumie watu 250, kisiwe mbali zaidi ya mita 400, na kila mtu apate angalau lita 25 kwa siku. Hapo ndipo pengo linapoonekana.

Sekta nyingine nazo zina viwango vyake. Kwa vyoo vya shule, tundu moja ni kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 412 inahitaji matundu 21 (412 ÷ 20 = 20.6, na tundu halijengwi nusu). Kama yapo 8, upungufu ni 13. Hesabu matundu yanayotumika leo, si yaliyojengwa. Tundu lililojaa, lisilo na mlango au linalofunguliwa kwa walimu tu lisiingie. Kwa darasa la msingi, kiwango ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45.

Andika kiwango chako juu ya ukurasa wa daftari, kisha jiulize ni namba zipi mbili au tatu zitakazoonyesha pengo. Hizo ndizo utakazozitafuta. Vikundi vingi hufanya kinyume: vinatengeneza dodoso la maswali 60, vinakusanya kila kitu, halafu vinakosa namba moja tu iliyohitajika.

Karatasi ambazo tayari zipo

Kabla ya kumhoji mtu yeyote, zunguka ofisi nne au tano. Nenda na barua ya utambulisho yenye muhuri kutoka kwa mtendaji wa kata, na kwa zahanati uwe pia na kibali cha Mganga Mkuu wa Wilaya. Afisa maendeleo ya jamii wa kata ndiye njia fupi ya kuzipata zote mbili. Ofisi ya umma ikikuzungusha, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakuruhusu kuomba kwa maandishi, nao wanatakiwa kukujibu ndani ya siku 30. (Kwa msomaji wa Kenya ofisi ni za chifu na KNBS, ofisi ya takwimu ya nchi hiyo, yenye sensa ya 2019, na ombi la taarifa hujibiwa ndani ya siku 21.)

Kwa mtendaji wa kijiji utapata daftari la wakazi kwa kila kitongoji. Ni chanzo kizuri chenye ugonjwa mmoja: waliohama hawafutwi, na wapangaji hawaandikwi. Usiliamini peke yake. Keti na mwenyekiti wa kitongoji na mabalozi wawili wa nyumba kumi, mpitie ukurasa kwa ukurasa mkiweka alama kwa waliohama na waliofariki. Kwa kitongoji cha kaya 240 kazi hiyo huchukua asubuhi moja.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini, kwa wastani wa watu 4.3 kwa kaya na ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka tangu 2012. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imechapisha idadi ya watu hadi ngazi ya kata, pamoja na ukubwa wa kaya. Tumia wastani wa kata yako, si wa taifa, kwa kuwa kata ya mjini na kata ya wafugaji hazifanani. Ukitaka kukadiria hadi 2025, zidisha kwa 1.032 mara tatu: kata iliyokuwa na watu 8,000 inafika kama 8,790. Andika wazi kwamba hayo ni makadirio, na useme umetumia kasi gani. Angalia pia kama kata au kijiji kiligawanywa baada ya 2012. Kijiji kilichomegwa huonekana kama kimepungukiwa watu nusu, na mkaguzi makini ataliona hilo kabla yako.

Daftari la mtendaji na sensa zikitofautiana kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, usichague inayokupendeza. Tafuta sababu, uiandike kwa sentensi moja.

Zahanati ina vitabu vya MTUHA, yaani mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya. Muombe mganga mfawidhi jumla za kila mwezi za kuhara kwa watoto chini ya miaka mitano, kwa miezi 24. Ukichukua miezi mitatu ya masika peke yake unajidanganya. Rejesta huonyesha mgonjwa anaishi wapi, kwa hiyo mhudumu anaweza kukuhesabia kwa kitongoji bila wewe kuona jina. Tenganisha wagonjwa wapya na mahudhurio ya marudio, la sivyo mtoto mmoja aliyerudi mara tatu anageuka watoto watatu. Halafu gawanya: kama zahanati inahudumia watoto 1,150 wa umri huo na wapya walikuwa 148 kwa mwaka, ni kama 129 kwa kila watoto 1,000.

Namba za zahanati zina mtego ambao huangusha hata wazoefu. Dawa zikiisha, watu hawaji, wanakwenda duka la dawa. Mwezi wenye wagonjwa wachache unaweza kuwa mwezi wa rafu tupu. Uliza miezi ipi dawa au vipimo vilikosekana, na uitie alama kwenye jedwali. Usiandike pia kwamba kuhara "kunasababishwa" na umbali wa maji kwa sababu tu vyote viwili vipo kijijini. Andika kwamba vinaonekana pamoja, uishie hapo.

Mwisho ni RUWASA wilayani, yaani wakala wa maji vijijini, na jumuiya ya watumia maji, CBWSO. Hapa unauliza maswali mawili: vituo vingapi vimesajiliwa na vingapi vinatoa maji, na je, kijiji kimo kwenye mpango wa mwaka huu au ujao? Swali la pili ndilo linalookoa andiko. Hakuna aibu kama mfadhili kugundua kwa simu moja kwamba bomba la serikali linakuja baada ya miezi minne.

Kupima pale kisimani

Kazi hii ni ya siku mbili, na inazidi mahojiano ya wiki. Chagua siku moja ya kawaida na siku moja ya gulio au mnada, zote ndani ya kiangazi. Unahitaji watu wawili kwa zamu, saa ya simu, dumu la lita 20, plasta nyeupe na kalamu ya wino usiofutika.

Anza na kasi ya maji. Jaza dumu mara tano kwa nyakati tofauti za siku, uandike sekunde, uchukue wastani. Tuseme ni sekunde 80. Hiyo ni lita 15 kwa dakika, lita 900 kwa saa, na lita 10,800 kwa saa kumi na mbili kama pampu isingepumzika hata kidogo. Hupumzika, kwa sababu mtu anabadilisha vyombo, mtoto anachoka kupampu, watu wanabishana. Kwa hiyo hesabu pia madumu yanayoondoka, kwa mistari mitano mitano kwenye karatasi, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Ukipata madumu 360, maji yaliyotoka ni lita 7,200. Ndoo ndogo ziandikwe safu yake. Ndoo ya lita 10 ikihesabiwa dumu, jumla inavimba.

Sasa foleni. Wengi hupima muda ambao mtu amesimama, wanapata dakika kumi na tano, wanashangaa. Foleni za kisimani hupangwa na vyombo, si watu. Ndoo imewekwa tangu alfajiri, mwenyewe yuko shambani. Bandika plasta kwenye kila chombo cha kumi kinachofika, andika saa ya kufika, na kikijazwa andika saa ya kuondoka. Vyombo 30 kwa siku vinatosha. Tumia namba ya katikati badala ya wastani: panga vyombo kuanzia kilichokaa muda mfupi hadi mrefu, na ya katikati ni kati ya cha 15 na cha 16. Ndoo moja iliyosahauliwa tangu jana huharibu wastani.

Umbali upimwe kwa miguu. Washa programu ya kurekodi njia kwenye simu, tembea kutoka katikati ya kila kitongoji hadi kisimani kwa njia wanayopita wachotaji. Mstari ulionyooka kwenye ramani huvuka korongo na mashamba ambayo mtu mwenye dumu kichwani hawezi kuyakatiza.

Dodoso la kaya

Sasa ndiyo unahoji, tena kwa mambo ambayo kisima na ofisi hazikuweza kukueleza: nani anachota, maji mengine yanatoka wapi, na nani ameacha kabisa kutumia pampu.

Idadi ya kaya itoke kwenye kanuni ya Yamane: n = N ÷ (1 + N × e²), ambapo n ni kaya za kuhoji, N ni kaya zote, na e ni kosa unalokubali. Kwa kijiji cha kaya 600 na kosa la asilimia 10, ni 600 ÷ 7, yaani kaya 86. Ukitaka kosa la asilimia 5 zinakuwa 240, karibu mara tatu ya kazi. Kwa andiko la kituo kimoja cha maji 86 zinatosha, mradi ukubali maana yake: ukipata asilimia 60, ukweli yaelekea uko mahali fulani kati ya 50 na 70, na uandike hivyo.

Gawa kwa vitongoji kulingana na ukubwa. Vya kaya 240, 180, 120 na 60 vitatoa 34, 26, 17 na 9. Kisha tumia daftari mlilosafisha: chagua kwa bahati namba kati ya 1 na 7, anzia hapo, uruke kaya saba saba. Ukimwachia mdodosaji achague nyumba, atachagua za kando ya barabara, ambazo ndizo zenye maji karibu. Kaya isipokuwa na mtu, mrudie jioni. Ukichukua jirani aliyeko nyumbani saa 4 asubuhi, umeondoa wakulima wote kwenye sampuli.

Wadodosaji wanne, kaya nane kila mmoja kwa siku, ni siku tatu. Maswali yasizidi 15. Programu za dodoso za KoboToolbox na ODK hufanya kazi kwenye simu za Android bila mtandao, nawe unatuma majibu ukifika penye mtandao. Karatasi nayo haina kosa lolote.

Namna ya kuuliza hubeba kila kitu. "Je, mna shida ya maji?" hujibiwa ndiyo na kila mtu, hata mwenye bomba uani. Uliza kitu kilichotokea: "Jana mlichota madumu mangapi? Nani alikwenda? Alitoka saa ngapi, akarudi saa ngapi?" Tumia jana, si "kwa kawaida". Kaya ni wanaokula chungu kimoja, hivyo hesabu waliolala humo usiku wa jana na waliokula hapo, wala usiulize "familia yako ina watu wangapi", maana utahesabiwa hadi walioko Dar es Salaam.

Na saa. Mama akisema alitoka saa 11, ni saa 11 alfajiri. Simu ikimpa mdodosaji sehemu ya kujaza 11:00, ataandika 11:00, na kompyuta itaamini alitoka karibu na mchana. Makosa ya saa sita namna hii hayaonekani kirahisi kwa sababu kila jibu linaonekana la kawaida. Weka sehemu mbili: saa kama alivyoisema, na chaguo la alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Ubadilishaji ufanywe baadaye na mtu mmoja, kwa kanuni moja.

Kijiji kinachofahamu TASAF, mfuko wa serikali unaolipa ruzuku kaya maskini, kitasikia orodha ya kaya kama uandikishaji wa fedha. Watu watauliza, "Mkituandika mtatupa nini?" Wengine wataficha mbuzi, wengine wataongeza watoto. Mwenyekiti wa kitongoji atangaze siku mbili kabla kwamba hakuna malipo wala orodha ya wanufaika, na mdodosaji alirudie mlangoni. Mwenyekiti mwenyewe asikae kwenye mahojiano. Akikaa, hakuna atakayesema kwamba funguo za pampu ziko kwa shemeji yake.

Jaribu dodoso kwenye kaya tano zisizo za sampuli. Swali ambalo watu wawili kati ya watano wameomba lirudiwe, liandike upya.

Hesabu inayobeba andiko

Rudi kwenye kitongoji kikubwa: kaya 240 kwa watu 4.3 (tuseme huo ndio wastani wa kata yenu) ni watu 1,032. Maji yaliyotoka ni lita 7,200, yaani lita 7 kwa mtu kwa siku mahali panapotakiwa 25. Kwa kiwango cha watu 250, kitongoji kinahitaji vituo vinne na ushee, kina kimoja.

Sasa fanya hesabu ambayo wengi huikwepa. Kituo cha pili chenye kasi ileile kitafikisha lita 14. Bado hazijafika 25. Andiko linalodai kituo kimoja "kitamaliza tatizo la maji" limejipinga kwa namba zake lenyewe, na msomaji mwenye kikokotoo ataliona. Andika kwamba kitapandisha kutoka 7 hadi takriban 14 na kupunguza foleni, kisha utaje vituo vinavyobaki viko kwenye mpango gani wa kijiji. Ombi dogo lenye hesabu sahihi linaaminika kuliko ahadi kubwa.

Asilimia uzitumie pale namba ni kubwa. Watatu kati ya watano ni "watatu kati ya watano", si asilimia 60. Na usichanganye miaka: wagonjwa wa 2025 kugawanywa kwa idadi ya watu ya 2022 hutoa kiwango kilichovimba.

Aya yenyewe

Aya ya hitaji isizidi nusu ukurasa. Namna hii:

"Kitongoji kina kaya 240 (daftari la kijiji lililohakikiwa na mabalozi, Agosti), sawa na watu wapatao 1,032. Pampu moja ndiyo inayofanya kazi. Siku ya kawaida ya kiangazi tulihesabu madumu 360 yaliyochotwa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, sawa na lita 7 kwa mtu, wakati Sera ya Maji ya 2002 iliweka kiwango cha 25. Kati ya kaya 34 tulizohoji hapa, 21 zilichota pia mtoni siku iliyotangulia. RUWASA wilaya imethibitisha kwa barua kwamba kitongoji hakimo kwenye mpango wa mwaka huu."

Takwimu ya taifa au ya mkoa, ikihitajika, ipate sentensi moja mwishoni ili kuonyesha kijiji kimesimama wapi. Kwa mfano andiko la lishe linaweza kutaja kwamba utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 30 ya watoto chini ya miaka mitano, kisha liweke namba za kliniki yake. Isitangulie.

Ambatanisha ramani ya kijiji hata kama imechorwa kwa mkono, jedwali la ukurasa mmoja, dodoso tupu, barua za ofisi, na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioonyesha kwamba wananchi wenyewe walikiweka kipaumbele hiki. Bila muhtasari huo, hitaji ni la kikundi. Usiyaite matokeo yako "takwimu rasmi", kwa kuwa neno hilo lina maana yake chini ya Sheria ya Takwimu ya 2015. Sema "upimaji wa kikundi".

Majina yasitoke

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu hata daftari lako la karatasi. Omba ridhaa kabla ya swali la kwanza, majina yabaki kwenye orodha tofauti iliyofungiwa, na kwenye dodoso iwe namba tu. Kuficha jina hakutoshi kama watu ni wachache: "mtoto mmoja mwenye ulemavu katika kitongoji cha mtoni" kila mtu anamjua. Kundi likiwa chini ya watu watano, liunganishe na jingine au usilitaje. Ukipandisha ramani mtandaoni, ondoa alama za nyumba ubakize visima. Picha ya mtoto mwenye tumbo lililovimba haina namba yoyote ndani yake. Iache.

Kuyarudisha kijijini

Kabla andiko halijatumwa, soma jedwali mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ambao hukaa kila miezi mitatu. Utasahihishwa: pampu ya shule ilifungwa wiki mbili wakati wa upimaji, kaya kumi za kambi ya wavuvi hazimo kwenye daftari. Rekebisha, na uandike tarehe ya marekebisho.

Madodoso, karatasi za mistari na vidokezo vya sekunde vitie kwenye faili moja lenye mwezi na mwaka juu yake, nakala ikae kwa mtendaji. Mradi ukikubaliwa, hizo ndizo hali ya kuanzia, na upimaji wa mwaka ujao ufanywe mwezi uleule, kwa dumu la ukubwa uleule.